Nyekundu Tatu za Vazi la Mariamu

Arpenik alikijua kila kigae cha sakafu ya Nyumba ya Miswada kwa magoti yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipanda kile kilima cha Yerevan kabla watu wa ofisini hawajaamka, akajaza ndoo yake, akapiga magoti na kuanza upande wa mlangoni. Walimnunulia ufagio wa mpini mrefu wenye sponji, akautundika ukutani, na huko ulikaa. Alisema sakafu isiyoguswa kwa mkono haijasafishwa, imetishwa tu.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mabega mapana ya mwanamke aliyesuka mazulia tangu utoto. Hakuwa msemaji sana, ila mtu akimchokoza alijibu, na waliomzoea walimchokoza makusudi. Saa nne kila asubuhi alipika kahawa ya watu wa maabara. Wakishakunywa walivipindua vikombe juu ya visahani, mashapo ya kahawa yakatiririka na kukauka, naye Arpenik akawasomea bahati zao. Daktari Vardges, mkuu wa maabara, mzee mrefu mwenye nyusi kama brashi ya viatu, alisema huo ni ujinga wa vijijini. Lakini cha kwanza kupinduliwa kilikuwa kikombe chake.

"Haya, Arpenik. Leo naona nini?"

"Unaona njia ndefu."

"Kila wiki njia ndefu! Mwaka wa sita huu sijafika hata Ziwa Sevan."

"Njia ndefu ni ile ya kutoka kitini kwako mpaka kwenye sinki, daktari. Vikombe havina miguu."

Tsovinar alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Huyu alikuwa mkemia, binti wa miaka ishirini na tisa, ambaye siku nzima aliongea na rangi za watu waliokufa miaka mia saba iliyopita lakini aliona haya kumwagiza mwenye duka nusu kilo ya jibini. Arpenik alimpenda, naye Tsovinar alimwita shangazi ingawa hawakuwa ndugu. Mara nyingine alimletea aprikoti zilizokaushwa ndani ya leso, akaziacha juu ya meza yake bila neno, kama mtu anayemwekea paka maziwa.

Kitu kimoja hawakukijua hata mmoja wao. Katika maelfu ya vitabu vilivyolala kwenye makabati ya chuma huko chini, kimoja kilitoka nyumbani kwake. Aliandikishwa kazi kwa jina la baba yake, si la mumewe, na hapakuwa na aliyeuliza.

*

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi Machi, theluji imegeuka matope, Tsovinar alipoingia maabara amebeba sanduku kwa mikono miwili.

"Shangazi, meza hii leo usiipanguse. Ina mgeni."

Alifunua. Kilikuwa kitabu kidogo, kinene, ngozi yake nyeusi kwa mikono ya watu, na pembe moja imeungua, alama ya mshumaa ulioanguka. Arpenik aliiona ile alama, kitambaa kikamganda mkononi.

"Injili ya Hovkadzor," alisema Tsovinar. "Ile yenye ukurasa unaotoa damu. Hukuwahi kusikia?"

"Nimesikia."

"Basi tunataka kujua rangi zake zote. Tena hatukwangui hata chembe. Hiki chombo tunakielekeza kwenye rangi, kinaimulika, nayo rangi inajitaja yenyewe, ina madini gani ndani." Alikishika chombo kama mtu anayekausha nywele. "Juzi nimeanza na manjano ya kiti cha enzi kilichochorwa ndani. Aseniki tupu! Sumu ya panya. Na nyekundu nyingi za vitabu hivi ni zebaki. Wachoraji walikuwa wakiilamba brashi ili iwe na ncha, wengine wakafa meno yameng'oka. Kwa hiyo shangazi, kahawa yako isivuke ule mstari pale, na usiguse kitu bila glavu."

"Mpelekee mama mkwe wako kijiko kimoja cha manjano hiyo," Vardges alimtania Arpenik kutoka dirishani, "kabla ya Pasaka umesharithi nyumba."

Alingoja jibu. Siku nyingine zote angelipata, tena kali. Arpenik alikuwa akikitazama kitabu.

"Nyekundu ni sumu?"

"Si zote," Tsovinar alisema. "Kuna za zebaki, kuna za risasi, kuna za mdudu, kuna za mizizi."

"Ya vazi la Mariamu je?"

"Hiyo bado. Tutaipima Alhamisi." Tsovinar alikiinua kichwa. "Umejuaje kama kuna Mariamu? Sijakifungua mbele yako."

"Mariamu gani asiye na vazi," alisema Arpenik, akachukua ndoo yake akatoka.

Alifika kwenye ngazi za nyuma, akaketi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amejisamehe nusu. Alijiambia: nilimpa mwanangu kitu kitakatifu, hakikumponya, basi. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba kitu kitakatifu kinaweza kuwa ndicho kilichomuua.

*

Hovkadzor ni kijiji cha mlimani, na barabara yake ikifungwa na theluji hufungwa kweli. Arpenik aliolewa huko akiwa na miaka kumi na tisa, akaikuta nyumba ina mume mpole aitwaye Mkhitar, ina ng'ombe wawili, ina mama mkwe aitwaye Heghnar, na ina mtakatifu. Mtakatifu wa nyumba ni kile kitabu. Familia kadhaa za milimani zina wa kwao. Huvikwa vitambaa saba, hulazwa ndani ya kasha la matandiko, huapiwa, huwashiwa mshumaa, wala hakuna anayekifungua isipokuwa mwanamke mkubwa wa nyumba, Pasaka na siku ya kubariki zabibu. Enzi zile serikali haikuitaka dini, nayo haikuwekwa mezani watu wakaiona, kwa hiyo mapazia yalishushwa kwanza. Kisha Heghnar alifungua ukurasa wa Mama na Mtoto, na jamaa wote wakapita mmoja mmoja kubusu ukingo wa vazi lile jekundu.

Heghnar ndiye aliyekuwa mtia rangi wa kijiji. Sufi za mazulia ya nyumba arobaini zilipita katika masufuria yake. Zamani alichimba mizizi myekundu mwenyewe kandokando ya mashamba ya mizabibu. Baadaye, zilipokuja rangi za kiwandani katika mikebe, alinunua mikebe, lakini hakuacha tabia yake moja: rangi yoyote, kabla hajazamisha sufi, aligusa kwa kidole na kuionja kwa ncha ya ulimi. Alikuwa akisema jicho hudanganywa na jua, ulimi haudanganywi na kitu.

Februari ya mwaka sabini na saba, Zaven, mtoto wao wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Siku ya kwanza alilialia. Ya pili hakulia. Ya tatu kifua chake kilianza kutoa sauti kama mlango uliokaukiwa bawaba. Mkhitar alifunga vibao vya theluji miguuni akashuka bondeni kumtafuta tabibu, safari ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi.

"Mama, fungua kitabu," Arpenik alimwambia mkwewe. "Tumkwangulie rangi kidogo anywe. Nimesikia mtoto wa jirani yetu Gohar alipona."

"Wa Gohar alikuwa na mafua."

"Chembe moja tu, kwenye maji."

"Kitabu si duka la dawa, binti yangu." Heghnar alikuwa akivaa viatu, kulikuwa na msiba nyumba ya tatu, na wanawake walikuwa wakioka mikate kwenye tanuri la chini. "Kitabu hakiponyi. Kinasikiliza tu. Mfute kwa siki, mbadilishie soksi. Narudi sasa hivi."

Akaenda. Arpenik alibaki na mlio ule wa bawaba. Ilikuwa adhuhuri, theluji nje inang'aa mpaka dari. Alilifungua kasha, akavivua vile vitambaa saba, akachukua kisu kidogo cha kukatia nyuzi za zulia na kukwangua vazi la Mama wa Mungu, kidogo, halafu kidogo tena, halafu kwa pupa, mpaka kijiko kikawa na vumbi jekundu na ngozi ya ukurasa ikaonekana nyeupe kama kovu. Alilichanganya na maji ya uvuguvugu. Zaven alimeza. Akakunja uso kwa uchungu wa ladha ile, na huo ukawa ndio uso wake wa mwisho ambao mama yake aliukumbuka, kwa sababu baada ya hapo hakuamka vizuri tena. Alfajiri, Mkhitar akiwa bado njiani na tabibu, alikufa.

Wiki mbili baadaye, wengine wakiwa zizini, Arpenik alichovya kijiti kwenye mkebe wa rangi nyekundu ya sufi na kulijaza lile kovu. Lilikaa vizuri. Kwa mwanga wa mshumaa hakuna ambaye angelitambua.

Ikaja Pasaka. Mapazia yakashushwa, Heghnar akafungua, akainama na kubusu wa kwanza kama ilivyo desturi. Alipoinua kichwa, midomo yake ilikuwa myekundu.

Waliokuwa nyuma yake walisogea waone. Kisha shangazi mmoja wa Mkhitar akapiga kelele, "Damu! Mama anamlilia mtoto!" na wote wakapiga magoti. Arpenik alisimama na mgongo wake ukutani, akingoja kutajwa. Heghnar alijipitisha ulimi midomoni polepole. Aliutazama ukurasa, hakumtazama mkwewe. Akakifunga kitabu.

"Tangu leo," alisema, "ukurasa huu haubusiwi. Hauguswi kwa mkono wenye maji. Atakayetaka kusali atasali kwa mbali."

Akauwekea kitambaa cha hariri juu yake. Habari zikavuka bonde, na wagonjwa wakaanza kupanda mlima. Arpenik aliwachemshia chai, akanyamaza. Na moyoni mwake, badala ya kujikasirikia yeye peke yake, alimkasirikia Heghnar. Angekifungua yeye, mwenye haki ya kukifungua, kwa sala na mkono unaostahili, huenda mtoto angepona. Alienda kuoka mikate ya maiti wa watu, akaacha wa kwake. Tangu mwezi ule Arpenik hakumwita tena "mama". Akimhitaji, alimwita "bibi wa nyumba". Miaka tisa walikula meza moja hivyo. Heghnar alipokuwa anakufa, mwaka themanini na sita, aliomba maji, Arpenik akampa. Aliomba mkono, Arpenik akampa. Neno lile hakumpa.

Hakupata mtoto mwingine. Mkhitar alikileta kitabu mjini mwaka themanini na nane, paa lilipoanza kuvuja. Baadaye akaenda Urusi kutafuta kazi, barua zikapungua, zikaisha. Arpenik alishuka Yerevan, na katika sakafu zote za mji alikwenda kuomba hii.

*

Jumanne hakula. Jumatano alimwuliza Tsovinar, huku akipangusa dirisha lililokwisha kupanguswa, kama ni lazima kupima kila ukurasa.

"Ule wa damu ndio tunaoutaka hasa, shangazi. Kwa nini?"

"Mambo ya watu wa dini. Mtu asije akakasirika."

"Nani wa kukasirika? Wenye kitabu hawajaonekana miaka ishirini na tatu."

Alhamisi waliteremsha mapazia mazito, maana taa moja ya maabara, ile ya mwanga wa zambarau, hufanya kazi gizani. Arpenik alikuwa amekuja na kahawa ya mchana. Aliambiwa aiache nje ya mstari. Aliiacha, lakini yeye hakutoka; alisimama nyuma ya kabati na sinia tupu kifuani.

Tsovinar alikiondoa kile kitambaa cha hariri kwa kibano. Akawasha taa.

Vazi la Mariamu, ambalo kwa mwanga wa mchana ni jekundu moja tu lenye madoa, lilipasuka vipande vitatu. Sehemu kubwa ilibaki giza, nyekundu nzito kama divai ndani ya pipa. Karibu na goti palikuwa na kiraka kilichowaka rangi ya chungwa, kwa upole, kama kaa la moto chini ya jivu. Na ukingoni, pale watu walipokuwa wakibusu, kiraka cha tatu kiling'aa waridi kali la kelele, kama tangazo la duka.

"Eh! Eh! Tazama hicho kituko," Vardges alisema. "Hii si damu wala nini. Rangi ya kiwandani! Ukiilowesha inatoka. Huo ndio muujiza wao."

"Na chini yake pamekwanguliwa," Tsovinar alisema, jicho kwenye hadubini. "Kwa kisu. Mistari imekwenda huku na huku, mtu alikuwa na haraka."

"Mpumbavu gani huyu? Kitabu cha miaka mia saba, anakikwangua kama sufuria lililoungua, halafu anakipaka rangi ya kutilia soksi! Ningempata ningemvuta masikio."

"Niko hapa, daktari," alisema Arpenik.

Vardges aligeuka, akaanza kucheka, akadhani ni mzaha. Kisha aliuona uso wake kwa ule mwanga wa zambarau, na kicheko kikamfia mdomoni.

Alisimulia akiwa amesimama, kwa maneno machache, na sinia lile hakuliweka chini. Alisema mwaka, alisema homa, alisema kijiko. Hakulia. Mwishoni alisema, "Sikuja kuomba msamaha wa kitabu. Nifukuzeni kazi kama ni desturi. Nataka mniambie jambo moja. Ile nyekundu niliyompa, ni ile ya zebaki?"

"Arpenik-jan," Vardges alisema, kwa neno la upendo na sauti ambavyo hawakuwahi kuvisikia kwake, "hata kama ingekuwa, kiasi kile..."

"Usinibembeleze. Chombo si hicho hapo? Kipime."

Tsovinar alifungua pazia moja. Akavuta kiti, akakaa. Alielekeza chombo kwenye sehemu nzima ya vazi, ile ya giza, pembeni kabisa ya mkwaruzo, wakangoja. Ni dakika mbili, lakini Arpenik alizihesabu kwa mlio wa kifua cha mtoto. Kwenye kioo mstari ulipanda na kushuka kama milima.

"Zebaki hamna," Tsovinar alisema. "Risasi hamna." Akapima mahali pa pili, na pa tatu. Akachukua uzi mwembamba wa mwanga, akaugusisha, akaangalia mistari mingine. "Ni mdudu, shangazi. Ni yule mdudu wa bonde la Ararat, anayetoka ardhini alfajiri siku za vuli. Wanamkausha, wanamsaga. Hadhuru. Watu wanamtia kwenye peremende."

"Na kiti? Ile manjano ya aseniki? Kisu kinaweza kuteleza."

"Njoo uangalie mwenyewe."

Arpenik aliweka sinia chini, kwa mara ya kwanza. Aliinamia hadubini. Aliona bonde jekundu na ndani yake mitaro myeupe, mikato ya mkono wake wa miaka ishirini na mitatu, mikubwa kama njia za trekta. Aliifuata mmoja mmoja hadi mwisho wake. Ukingo wa kile kiti cha manjano ulikuwa mzima, haujaguswa.

Aliirudia yote tangu mwanzo. Alipoinuka alisema, "Kwa hiyo haikumuua."

"Haikumuua."

"Wala haikumponya."

Tsovinar alizima chombo.

"Ilikuwa rangi tu," Arpenik alisema. "Basi alikufa tu." Vardges akamsogezea kiti chake mwenyewe. Mtu angedhani atakuwa amepata nafuu. Lakini hatia ile, kwa ubaya wake, ilikuwa kamba ya mwisho iliyowafunga pamoja yeye na Zaven. Ilikuwa kitu alichomfanyia. Sasa ilibainika kwamba siku ile hakumfanyia kitu chochote.

*

Ilikuwa Tsovinar, kwa kutojua la kusema, aliyerudi kwenye kazi. Watu wenye haya hufanya hivyo.

"Lakini hiki kiraka cha chungwa si chako, shangazi. Hiki ni mzizi. Na chini yake vilevile pamekwanguliwa." Aliendesha hadubini taratibu. "Kwa uangalifu zaidi. Mtu huyu alijua rangi, kaichanganya vizuri sana, ndiyo maana hatukuwahi kukiona kwa macho. Kuna mwingine kabla yako."

"Wa zamani?"

"Hapo chombo hakisemi. Huenda miaka mia mbili. Huenda sabini. Yeyote aliyechimba mizizi yake mwenyewe."

Arpenik alikuwa akipanguza macho kwa ncha ya kilemba. Mkono ukasimama.

Aliyaona makaburi ya Hovkadzor, siku inayofuata Pasaka, siku ya wafu. Heghnar huwasha mshumaa kwa mumewe, kisha kwa mama yake, kisha huenda nyuma ya ukuta kwenye mawe mawili madogo yasiyo na maandishi. Arpenik aliwahi kuuliza, mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliambiwa, "Ni ndugu wakubwa wa Mkhitar. Hawakukaa." Hakuuliza tena, wala hakuyafikiria tena.

Kitabu hakiponyi, binti yangu. Kinasikiliza tu.

Heghnar alijuaje? Arpenik hakuwahi kujiuliza alijuaje. Alidhani ni ukavu wa moyo. Na ile Pasaka: mwanamke aliyeonja kila sufuria la rangi kwa miaka hamsini, anajipitisha ulimi midomoni, polepole, mbele ya jamaa wote waliopiga magoti. Rangi ya mkebe wake mwenyewe, kutoka rafu yake mwenyewe. Aliitambua kabla hajafunga mdomo. Akaagiza ukurasa usibusiwe, usiguswe na maji, akaufunika kwa hariri, na Arpenik akadhani ni heshima ya muujiza.

"Shangazi?" Tsovinar alimgusa bega. "Unasema nini?"

"Sijasema kitu," alisema Arpenik. Lakini alikuwa amesema. Alikuwa amesema "mama", na hakuwa akimwita Mariamu.

Vardges alijifanya anatafuta kalamu. Palikuwa na fomu ya kujaza. Kila kitabu kina yake, nafasi ya jina, nafasi ya karne, nafasi ya rangi, na chini kabisa nafasi ya uharibifu na sababu yake. Wengi huandika unyevu, au mshumaa, au panya.

"Nafasi hii tunaweza kuiacha wazi," Vardges alimwambia Tsovinar kwa sauti ya chini.

"Msiiache," Arpenik alisema. "Watakaokuja watadhani ni wezi."

"Tuandike jina lako? Au la mtoto?"

Alifikiri. Mwisho wa kila kitabu cha kale mwandishi huomba akumbukwe, yeye, na baba yake, na mama yake, na aliyempa karatasi. Lakini yule wa mizizi hakuandika jina lake, na alikuwa na watoto wawili nyuma ya ule ukuta.

"Majina acheni. Andikeni homa."

"Homa?"

"Hizo sehemu mbili. Sababu, homa."

Tsovinar aliandika. Arpenik alifunga kilemba chake vizuri, akaokota sinia na kwenda kwenye ile meza nje ya mstari. Kahawa ilikuwa imepoa. Vikombe vya asubuhi vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya visahani, vinne, vinangoja. Aliviinua kimoja kimoja akaviosha bila kutazama ndani.